Tumepewa nyumba: tuwakusanye watoto au tuwaache kwa walezi wao?

*Swali: Sisi ni kikundi cha watu saba tunaojitolea katika kitongoji maskini, hatulipwi. Tuna watoto 43 kwenye orodha, wanaishi katika kaya 19. Wengine ni yatima, wengine mama yao anatoka kwenda vibarua alfajiri na kurudi usiku, wengine wako na bibi mzee. Kuna dada wa miaka 15 anayelea wadogo zake wawili peke yake. Tunazunguka kila siku mpaka tumechoka, na bado tunasikia huyu hajala, yule kaacha shule. Sasa mfadhili ametupa nyumba ya vyumba sita, anataka tuwaweke humo watoto 20 wenye hali mbaya zaidi. Wenzangu wanaona tumepata jibu. Mimi nasitasita, ila sina hoja. Halafu kuna mtoto wa karibu miaka miwili anayelelewa na bibi yake. Alikuwa amekonda, tukawa tunampelekea chakula, sasa ameanza kunenepa miguu na uso ingawa hachangamki. Je, hiyo si dalili kwamba huduma ya nyumbani inatosha?*

Nitaanza na sehemu ya mwisho ya swali lako. Habari ya nyumba inaweza kusubiri wiki nzima, lakini mtoto huyo hawezi kusubiri hadi kesho. Mtoto aliyekuwa amekonda, kisha akavimba miguu na uso huku amepoa, hajanenepa. Amejaa maji. Kuna kila sababu ya kushuku utapiamlo mkali wa aina ya kuvimba, ule ambao wengi wanauita kwashakoo, na unaua haraka kuliko ukondefu unaoonekana kwa macho.

Hakikisha hivi. Mtoto akiwa amepakatwa na bibi yake, weka dole gumba moja juu ya kila mguu, pale juu ya wayo nyuma ya vidole, ubonyeze bila kuumiza kwa sekunde tatu, kisha uachie. Kikibaki kishimo kwenye miguu yote miwili, hayo ni maji. Ukiona mguu mmoja tu ndio uliovimba, tafuta jeraha au usaha, nao pia ni wa kwenda kuonyeshwa. Uvimbe ukiishia kwenye nyayo, ni hatua ya kwanza. Ukipanda hadi miguu ya chini, ni ya pili. Ukifika usoni, kama unavyoeleza, ni ya tatu, na mtoto wa hatua hiyo hulazwa hospitali moja kwa moja, hata kama bado anakula.

Kosa mlilofanya linafanywa na wengi: mliangalia unene. Hata utepe wa kupimia mkono ungeweza kuwadanganya hapa. Utepe huo hutumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Unapima mkono wa kushoto, katikati ya ncha ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umening'inia bila kukazwa. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa kadiri. Ukivuta utepe mpaka ngozi ikunjamane, unampa mtoto mzima ugonjwa asiokuwa nao. Ukiuacha ulegee, mgonjwa anapita kama mzima. Lakini mtoto mwenye uvimbe wa miguu yote miwili ni mgonjwa mahututi hata utepe ukisoma 13. Kwa hiyo miguu kwanza, mkono baadaye.

Sasa msimlishe kwa wingi "apate nguvu ya safari". Mwili ulioshinda na njaa kwa wiki nyingi umepunguza kila kitu: moyo unasukuma kwa udhaifu, figo zinachuja polepole, na akiba ya madini kama potasiamu na fosfeti imekwisha. Chakula kingi kikiingia ghafla, madini machache yaliyobaki kwenye damu yanakimbilia ndani ya seli na moyo unaweza kusimama. Ndiyo sababu hospitali huanza na maziwa maalumu kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Msimpe pia maji ya chumvi ya kutibu kuharisha (ORS) kwa kubahatisha, kwa kuwa yale ya kawaida yana sodiamu nyingi kwa mtoto wa namna hii. Njiani mfunikeni vizuri hadi kichwani, maana hushuka joto upesi. Kama yuko macho na anameza, mpeni maji ya sukari kwa kijiko, kidogo kidogo: kijiko kimoja cha chai cha sukari kilichojaa, katika vijiko vikubwa vitatu na nusu vya maji safi. Kama bado ananyonya, aendelee kunyonya. Mmoja wenu aende na bibi hadi apokewe, na aulize kuhusu vipimo vya kifua kikuu na virusi vya UKIMWI, kwa sababu mara nyingi utapiamlo umefunika ugonjwa mwingine.

Sasa turudi kwenye nyumba. Kusitasita kwako kuna msingi, na hoja zipo.

Ya kwanza iko kwenye ubongo wa mtoto mdogo. Mtoto analia, mtu yuleyule anakuja, anambembeleza kwa sauti ileile. Jambo hilo likirudiwa mara elfu, mtoto anajifunza kwamba dunia inajibu, na juu ya msingi huo anajenga lugha, utulivu na uwezo wa kupenda. Katika bweni lenye walezi wa zamu anakuja huyu asubuhi, yule jioni, na wakati mwingine haji mtu. Mtoto hujifunza moja kati ya mawili: kunyamaza, au kumng'ang'ania yeyote anayepita. Wageni hufurahi sana wanapoingia kwenye makao na kurukiwa na watoto ishirini wasiowajua. "Wana furaha kweli hawa!" Mtoto wa miaka mitatu aliyelelewa vizuri hamrukii mgeni. Hujificha nyuma ya nguo ya mama kwanza, akachungulia. Anayemkumbatia kila mtu mara nyingi ni mtoto asiye na mtu wake.

Hili limepimwa. Mwaka 2000, mjini Bucharest nchini Romania, watafiti walianza kufuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi kwenye taasisi. Kwa bahati nasibu, nusu yao walihamishiwa kwa familia zilizoandaliwa kuwalea. Waliopata familia walipita wenzao kwa akili na kwa uwezo wa kushikamana na watu, na waliohamishwa kabla ya kufikisha miaka miwili hivi ndio walionufaika zaidi. Mnamo 2009 Umoja wa Mataifa ulipitisha Miongozo ya Malezi Mbadala ya Watoto, na humo imeandikwa wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Familia isaidiwe.

Hoja ya pili ni hesabu, na hii ndiyo ya kuwaonyesha wenzako, kwa sababu haina hisia ndani yake. Wiki ina saa 168. Watoto 20 wa umri mchanganyiko hawawezi kulala na mtu mzima mmoja; akipeleka mgonjwa hospitali usiku, wengine wanabaki na nani? Lazima wawe wawili wakati wote, yaani saa 336 kwa wiki. Mtu akifanya kazi saa 48, mnahitaji watu saba kamili, kila wiki, bila mtu kuugua, kufiwa wala kusafiri. Ninyi ni saba, mnajitolea, na mna familia zenu. Na watoto 23 waliobaki nje nani atawatembelea?

Kuna la tatu ambalo hamtaliona hadi mwezi wa tatu au wa nne. Nyumba yenye chakula na vitanda katikati ya kitongoji maskini huvuta watoto. Mama anayejikaza sasa hivi ataona wa jirani wanakula mara tatu na kusomeshwa, naye kwa mapenzi kabisa atawaleta wake. Mtajikuta mmejaza watoto wenye wazazi, na mnatumia kwa mtoto mmoja kiasi ambacho kingetosha kuisimamisha kaya nzima. Sipendi hata neno "yatima" linavyotumika kwenye orodha za vikundi. UNICEF humhesabu kuwa yatima hata mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja, kwa hiyo wengi wanaoitwa hivyo bado wana baba au mama, na karibu wote wana ndugu.

Je, makao hayafai kabisa? Yapo mazingira yanayolazimu: mtoto anapigwa au kunajisiwa nyumbani, au ametupwa na hakuna ndugu aliyepatikana bado. Hapo anahitaji mahali salama usiku huohuo. Lakini uamuzi huo ni wa ofisi ya ustawi wa jamii au mahakama, katika mahali penye kibali, kwa muda mfupi huku ndugu wakitafutwa. Kikundi kisicho na kibali kikimlaza mtoto wa mtu, hata kwa nia njema, siku akipotea au akifa ninyi ndio mtakaojibu.

Kinachowachosha ni kuzungukia kaya zote kila siku kwa uzito mmoja. Kaeni siku moja mzigawe kaya 19 kwa rangi. Nyekundu ni pale penye hatari sasa: mtoto mgonjwa, njaa ya kweli, watoto bila mtu mzima, dalili za ukatili. Njano ni panapoyumba. Kijani ni panapojiweza kwa kuangaliwa. Tuseme mnapata nyekundu nne, njano saba, kijani nane. Nyekundu hutembelewa kila wiki, njano kila baada ya wiki mbili, kijani mara moja kwa mwezi. Kwa wiki nne hizo ni ziara 16, 14 na 8, jumla 38. Tembeeni wawili wawili, jozi tatu, na mtu wa saba ashike daftari kuu na kufuatilia rufaa, yaani wale mliowapeleka hospitali au ofisi nyingine. Kila jozi inapata ziara kama 13 kwa wiki nne, yaani tatu kwa wiki na mara moja moja nne. Hizo mnaziweza bila kuua miguu. Jozi isibadilishwe kwa kaya angalau miezi sita, kwa sababu anayekuja kila mara ndiye anayeona kwamba mtoto aliyekuwa mtundu sasa amekaa kimya pembeni.

Ziara yenyewe ina kanuni moja isiyovunjwa: muone kila mtoto wa kaya hiyo kwa macho yenu. Ukiambiwa "amelala" au "nimemtuma" mara mbili mfululizo, mara ya tatu msiondoke mpaka mmemwona. Usiulize "mna chakula?" kwa sababu utajibiwa kwa aibu au kwa matumaini ya msaada. Uliza jana mlikula mara ngapi, nani alipakuliwa wa mwisho, na alibakiziwa nini. Usiulize kama mtoto anasoma. Uliza wiki iliyopita alienda siku ngapi. Omba kadi ya kliniki uangalie mstari wa uzito. Mstari uliolala miezi miwili mfululizo kwa mtoto mdogo ni taarifa, hata kama anacheza. Uliza nani analala na nani. Kisha miguu na mkono. Andikeni mkiwa bado njiani: tarehe, waliokuwepo, mlichoona, mlichoahidi. Kosa kubwa la madaftari ya vikundi ni kuandika "hali mbaya". Mwezi ujao hakuna anayejua ilikuwa mbaya kiasi gani.

Zipo dalili ambazo hamzijadili, mnaondoka na mtoto papo hapo: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamki vizuri. Kupumua mnahesabu dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi kabla ya mwaka, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, ni za kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea kwa ndani akivuta pumzi, msisubiri hata kumaliza kuhesabu.

Msaada wa vitu upeni mkono wa mlezi, kwa kaya nzima. Nimeona mara nyingi mfadhili anadai sare na viatu vya "yatima" peke yake katika nyumba yenye watoto watano. Wale wanne hawasahau. Yule aliyepewa ndiye atakayetumwa maji usiku na kuitwa "mtoto wa wazungu" au lolote watakalobuni. Aliyechukua mtoto wa ndugu yake bila kulipwa amefanya kazi yenu kabla yenu, naye atunzwe kwanza.

Kwa dada wa miaka 15, jibu si kumgawa yeye na wadogo zake kwa nyumba tatu. Miongozo ile ya 2009 inatambua kaya zinazoongozwa na watoto na haki ya ndugu kubaki pamoja. Anachohitaji ni mtu mzima mmoja anayejulikana, aliyepitishwa na ofisi ya ustawi, anayefika kila siku na kulala karibu; vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vya wazazi vikiwa mahali salama, ili nyumba na mali visinyakuliwe; na yeye mwenyewe kurudi darasani huku wadogo wakiangaliwa mchana. Huyo mtu mzima achunguzwe vizuri. Msichana asiye na wazazi hupata "wafadhili" wengi, na wengine huja na bei.

Hapo tunafika kwenye ukatili, na ninyi si polisi. Mtoto akikueleza kwamba amefanyiwa jambo, msikilize mpaka amalize, mwambie hakukosea kusema, usimhoji kwa undani wala kumfanya arudie kwa kila mtu. Usimwahidi kwamba utaficha. Usiende kumkabili mtuhumiwa, maana atakayelipa ni mtoto. Kama amebakwa, hospitali mara moja: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora, za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Asiogeshwe kwanza. Nguo zake ziwekwe kwenye karatasi au kitambaa, si mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Kisha ustawi wa jamii na polisi, siku hiyohiyo. Suluhu ya kifamilia kwa fidia si suluhu, na msikubali kuwa mashahidi wake. Nanyi wenyewe jifungeni kwa kanuni: hakuna kukaa na mtoto mmoja faraghani, hakuna mtoto kulala nyumbani kwa mmoja wenu, hakuna picha za nyuso kutumwa kwa wafadhili.

Nyumba ya mfadhili msiikatae. Mwombeni iwe ya mchana. Chumba kimoja kiwe cha wadogo ambao mama zao wako vibaruani, kwa mtu mzima mmoja kwa kila watoto watatu au wanne walio chini ya miaka miwili; kimoja cha kusomea jioni, chenye taa; kimoja cha kupimia na kutunzia madaftari ndani ya kabati lenye kufuli. Jikoni pawe na mlo mmoja wa uhakika. Usiku milango inafungwa na kila mtoto analala kwao. Nendeni ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya kufungua, hata kwa huduma ya mchana, mkaulize kibali. Mfadhili akisisitiza vitanda tu, mpelekeeni ile hesabu ya saa 336 na mmuulize mishahara ya watu saba ataitoa kwa miaka mingapi.

Na yule mtoto wa bibi, akishatolewa hospitali, huenda atarudi na pakiti za chakula cha tiba. Kila pakiti ya gramu 92 ina kalori 500 na ni dawa yake peke yake, ila bibi mwenye wajukuu wengine wenye njaa ataigawa, nami simlaumu. Pelekeni chakula cha wale wengine wiki hiyohiyo. Mwambieni bibi ampe maji safi ya kunywa kila anapokula pakiti, atunze pakiti tupu, na mzihesabu pamoja kila wiki kabla ya kubonyeza miguu tena. Kaya hiyo ibaki nyekundu mpaka kliniki iseme mtoto amepona.